Mbegu Huchaguliwa Shinani

Jumapili, 4 Agosti 2024. Njombe

Sakitu imetuacha. Asubuhi nyasi za kando ya mfereji zilikuwa na umande wa kawaida, si ule weupe uliozibabua Juni na Julai. Mama mkwe anasema huko Makete watu bado wanaamka na barafu kwenye ndoo, na kwamba baridi ya hapa imepumzika tu. Nimemsikiliza, lakini baada ya ibada nimechimbua udongo nyuma ya jiko nikaushika. Hauumi tena vidole. Mwisho wa mwezi huu napanda viazi.

Majirani watashangaa tena. Hapa wengi hungoja mvua ya Novemba, wakapanda wote kwa pamoja, wakavuna kwa pamoja, bei ikaanguka kila mtu akiwa na magunia mlangoni. Na kati ya kupanda na kuvuna ndipo ukungu unapopita. Bakajani chelewa hutaka hewa ya ubaridi na jani lililolowa saa nyingi, na Januari hapa jani linaweza kushinda limelowa kutwa. Septemba jani limeshakauka saa tatu asubuhi. Kiazi kinachomaliza kazi yake kabla mvua haijashika kinauponyoka ugonjwa huo bila kupigiwa dawa kila wiki. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza. Ya pili ni kwamba Novemba na Desemba ghala la mahindi limepungua, na nyumba hii ina watoto.

Kulima kiangazi si jambo geni. Wazee wa Iringa na Njombe wamelima vinyungu mabondeni tangu zamani, na marehemu baba mkwe alikuwa na chake. Lakini kile kiko ukingoni kabisa mwa mto, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za watu zikae mita 60 kutoka kwenye maji. Mto wetu unapungua kwa macho. Sheria hiyo naiona ya haki. Kinyungu kimehamia nyuma ya jiko, karibu na bomba.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Redio tangu alfajiri ni viwanja vya John Mwakangale, Mbeya: trekta, mbolea, ng'ombe wa maziwa. Shemeji amekwenda. Nimemwomba apite banda la kituo cha utafiti cha TARI Uyole aulize ni aina gani mpya za viazi zinazokomaa mapema. Mimi nina Asante, ambayo kwa Waganda inaitwa Victoria. Kiazi ni kilekile, ganda jekundu la kupauka, na miezi mitatu hivi kinatosha kuchimbwa. Huku kwetu kwenye baridi huchelewa kidogo.

Ningepewa kipaza sauti leo ningesema juu ya mbegu peke yake. Mazoea yetu ni haya: viazi vikubwa vinakwenda sokoni, vya kati vinaingia sufuriani, vidogo vinabaki pembeni vikingoja kupandwa. Watu wanaamini kidogo ndicho mbegu. Sasa kiazi kinaweza kuwa kidogo kwa sababu mbili. Huenda kilifungwa mwishoni kwenye shina zima, kikakosa muda. Au shina lenyewe lilikuwa gonjwa, halikuweza kuzaa kingine zaidi ya vidogo. Kwenye lundo vinafanana kabisa, hakuna jicho la kuvitenganisha. Kwa hiyo kila msimu tunakula wazima na kupanda wagonjwa, kisha tunasema ardhi imechoka. Virusi haviponi kwa mbolea. Vinahama na kiazi kutoka msimu hadi msimu, na kila msimu mavuno yanapungua.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimepanga mbegu kwenye trei za mayai, chini ya dirisha la stoo, penye mwanga lakini jua halipigi. Kila kiazi ukubwa wa yai, upande wenye macho mengi juu. Zinaanza kuamka. Chipukizi la kwanza limetokea kwenye kilele cha kiazi, lenyewe tu. Nimelivunja kwenye vile vya kuvunia mbegu ili macho mengine nayo yatoke, shina liwe na matawi mengi na viazi vingi vya wastani. Kwenye vile vya kula mapema nimeliacha. Chipukizi chache huzaa viazi vichache, lakini vinanenepa upesi.

Mwanga ndio unaofanya kazi yote hapa. Gizani chipukizi hurefuka, likawa jeupe na jepesi, likivunjika ukigusa tu. Kwenye mwanga hafifu hubaki fupi na nene, lenye rangi ya kijani au zambarau, likavumilia safari ya kutoka stoo hadi kwenye mfereji. Kiazi kilichokwisha chipua vizuri huokoa wiki mbili hivi udongoni. Viazi vya mapema huanza dirishani.

Jumamosi, 31 Agosti

Tumepanda. Mama mkwe amekaa kwenye kigoda akisimamia, na ameona mambo mengi.

"Mwanangu, mbona umepanda mbali hivyo? Eneo lote litaisha."

Sentimita 75 mstari hadi mstari, 30 shina hadi shina. Nimemweleza kwamba nafasi hiyo si ya majani, ni ya udongo wa kuja kupandishia baadaye. Akakubali, akasema zamani walipandia kwa hatua ya mguu na ilitosha. Nafikiri hatua yake na sentimita zangu hazipishani sana.

Mifereji ina kina cha sentimita 10 hivi. Chini samadi iliyooza vizuri, ile ya zizi la mwaka jana, kisha mbolea ya kupandia kidogo, kisha udongo kiasi, ndipo mbegu, macho yakitazama juu. Mbolea ya dukani ikigusa chipukizi inaliunguza. Kipande hiki mwaka jana kilikuwa na mahindi na maharage, na nyanya hazijakanyaga hapa muda mrefu. Nyanya, bilinganya, pilipili, hata mnavu tunaouchuma kwa mboga, wote ni ukoo mmoja na kiazi na wanagawana magonjwa. Nimeng'oa mnavu wote uliokuwa uzioni, ingawa watoto wamelalamika.

Jioni keni mbili kila mstari. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Mbegu ikikaa kwenye maji inaoza kabla haijaona jua.

Jumatano, 18 Septemba

Yametoka! Mistari miwili ya mbele yote imeonekana, majani madogo ya kijani kizito yamejikunja, yakisukuma mabonge ya udongo pembeni. Upande wa ukuta umechelewa kwa sababu ya kivuli cha mparachichi. Karibu kila nyumba ya mtaa huu sasa ina miparachichi, mashamba yanabadilishwa mkondo, na fedha yake ni nzuri kweli. Lakini parachichi halilitii tumbo la mwezi wa kumi na moja. Mti unataka miaka, kiazi kinataka msimu.

Nimeng'oa pia maotea kwenye kona ya zamani, viazi vilivyosahaulika ardhini vikajiotea. Watu huyaachia wakiona ni bure. Ndiyo yanayohifadhi ukungu na mnyauko kati ya msimu na msimu, na bustani iliyo nayo haina mapumziko.

Jumamosi, 5 Oktoba

Kupandishia udongo kwa mara ya kwanza. Mimea imefika kimo cha kiganja. Nimevuta udongo kutoka katikati ya mistari nikafunika karibu nusu ya shina, nikiacha majani ya juu yapumue.

Mjukuu ameniuliza kwa nini naufukia mmea ambao juzi nilifurahi umetoka. Nikamfukulia mmoja pembeni nikamwonyesha. Kiazi si mzizi. Chini kwenye shina hutoka vitawi vyeupe vinavyotambaa gizani, na ncha ya kila kitawi ikivimba ndipo kiazi kinapoanzia. Udongo ukiwa haba, kitawi hutokeza nje kikageuka tawi la majani, na kiazi kilichokaribia juu hupigwa jua kikawa kijani. Kijani hicho ni dalili ya sumu iitwayo solanini. Ni chungu, na haiondoki kwa kuchemsha. Amenisaidia mstari mzima baada ya hapo, bila kuombwa.

Usiku bado una baridi, na hilo ni jema kwa kazi hii. Kiazi hakipendi usiku wa joto. Ukizidi nyuzi 20 hivi mmea huendelea na majani ukaacha kufunga. Ndiyo maana Dar es Salaam wanakula chipsi mayai kutwa na kucha lakini viazi vinapandishwa magari huku juu.

Jumanne, 22 Oktoba

Siku nzito. Mstari wa tatu, shina moja limelala saa sita mchana, majani yamelegea huku udongo wake una maji. Jana jioni lilikuwa limesimama. Nilijua ninachokiogopa.

Nimekata kipande cha shina karibu na ardhi, nikakining'iniza kwenye glasi ya maji safi dirishani, bila kukitikisa. Baada ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa ukaanza kushuka kutoka kwenye mkato. Ni mnyauko wa bakteria, bila shaka yoyote. Ukungu hautoi uzi ule, wala kiu haitoi.

Ugonjwa huu hauna dawa ya kupiga. Anayeuziwa chupa dukani ameibiwa. Nimeling'oa shina pamoja na viazi vyake vichanga na udongo uliolizunguka, nikalitia kwenye mfuko, nikalichomea mbali na bustani. Halikwenda kwenye mboji wala kwa ng'ombe. Majirani zake wawili wa kulia na kushoto nao nimewatoa japo walionekana wazima. Shimo nimelitia majivu, nikaweka jiwe, ili mtu asimwagilie hapo maji yakatiririkia wengine. Jembe nimelisugua na kulitia dawa ya kuua vijidudu. Viatu pia. Bakteria hao husafiri kwa maji, kwa jembe, kwa soli ya kiatu, na zaidi ya yote ndani ya mbegu inayoonekana nzuri kabisa.

Hapo hapatapandwa kiazi wala nyanya kwa miaka. Mahindi, labda kitunguu. Mama amenyamaza muda mrefu, kisha akasema zamani shina likilala hivyo walisema limeona jicho baya, na waliliacha lilipo. Ni wangapi waliopoteza shamba zima hivyo?

Jumapili, 27 Oktoba

Maua. Bustani imekuwa ya rangi. Leo ndiyo siku niliyoingoja kuliko siku ya kuchimba.

Nimekata vijiti vya mianzi nikapita mstari kwa mstari taratibu, nikichomeka kijiti kwenye kila shina lililonipendeza. Ninachotafuta ni mmea wenye matawi manene, majani yaliyonyooka, kijani kimoja kutoka chini hadi juu. Ninachokiruka: majani yaliyojikunja kwenda juu na kukakamaa ukiyashika, madoa ya kijani hafifu na kizito yaliyochanganyika, mmea uliodumaa kati ya wenzake. Hivyo ni virusi, na vidukari ndio wanaovibeba kutoka jani hadi jani. Hakuna kijiti karibu na lile jiwe, hata kwenye shina zuri.

Kazi hii inafanyika sasa au haifanyiki tena. Majani yakishazeeka, yote hunyauka na kugeuka njano, mzima na mgonjwa wanafanana. Kwenye maua kila shina linasema lilivyo. Wataalamu wa KARI, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya wakati ule, na wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi, chenye makao Lima, waliwafundisha wakulima njia hii, na mavuno ya waliochagua kwa vijiti yalizidi ya waliochagua kwenye lundo. Haihitaji fedha. Inahitaji kutembea bustani yako ukiwa na macho.

Mzee wa jirani alisimama uzioni.

"Kamwene, Mwalimu. Vijiti vya nini, unapanda maharage ya kutambaa?"

"Kamwene, baba. Shikamoo. Ni mama wa mbegu hawa, nimewawekea alama."

"Marahaba. Sasa na hao wasio na kijiti?"

"Hao tutawala."

Akaniangalia. Akaniuliza kama angeweza kuja na mkewe kutazama. Nimemwambia waje hata leo jioni.

Jumatano, 13 Novemba

Jua kali, udongo umeanza kupasuka. Bomba limetoka maji usiku tu, nimemwagilia kwa taa. Kipindi hiki cha viazi kujaa ndicho kisichosamehe kiu: maji yakikatika kisha yakaja kwa wingi, kiazi hupasuka au hubaki na shimo katikati. Nimetandaza nyasi kavu juu ya matuta zihifadhi unyevu.

Nimepitia vijiti tena. Vichache nimeving'oa, majani yamebadilika tangu siku ile. Hakuna shina jingine lililolala.

Sokoni viazi ni adimu na ghali, kama kila Novemba. Nimeona lumbesa imepangwa, magunia yamevimba juu kwa kushonewa kofia, wakati sheria ya vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100. Mkulima analipwa gunia moja na kutoa karibu moja na nusu. Hili linaniudhi kila nikilipita. Mizani ipo, sheria ipo, na anayeumia ni yule aliyeinama shambani.

Jumapili, 24 Novemba

Tumekula! Nimefukua mashina manne yasiyo na vijiti upande wa bomba. Ganda la viazi bado ni changa, linatoka kwa kusuguliwa na kidole gumba tu. Hakuna haja ya kisu. Vimechemshwa na chumvi, vikaliwa na chai ya Luponde, kisha mchana na maharage mabichi. Mama amekula kimya hadi sahani ikaisha, akaomba tena. Nje magari ya kampeni za serikali za mitaa yalipita na vipaza sauti vyao, hakuna aliyeinuka.

Viazi vichanga havikai. Ganda halijafunga, vinapoteza maji upesi. Ni vya kuchimba asubuhi na kula siku hiyohiyo, na ndiyo faida ya bustani ya nyumbani ambayo soko haliwezi kuiuza.

Jumamosi, 30 Novemba

Mvua imeshika tangu juzi. Mtaa mzima umetoka na majembe, nami ninakata. Majani ya mashina yote yenye vijiti nimeyakata leo usawa wa udongo na kuyaondoa bustanini. Viazi vitabaki ardhini wiki mbili hivi, ganda likaze. Majani yakiondoka sasa, vidukari hawana pa kunyonya, na ukungu ukifika hautakuwa na njia ya kushuka hadi kwenye viazi.

Na utafika. Kwenye shamba la chini barabarani nimeona maotea yenye madoa meusi ya kulowa, na kwa chini ya jani ule weupe mwembamba. Vijidudu vyake vinabebwa na upepo. Ugonjwa huu ndio ulioiangukia Ireland mwaka 1845, nchi ambayo maskini wake walikula kiazi karibu peke yake na waliopanda zaidi aina moja. Watu kama milioni moja walikufa, wengine kama hao wakahama. Wanaopanda wiki hii wapige dawa ya kinga mapema, kabla doa halijaonekana, maana likishaonekana dawa hizo za kuzuia zimechelewa.

Jumamosi, 14 Desemba

Tumevuna mbegu. Kila shina la kijiti limechimbwa peke yake na viazi vyake vikawekwa mbele yake juu ya udongo, ndipo nikahukumu. Mengi yametoa kumi na zaidi, vya ukubwa wa yai na kupita, laini, umbo zuri. Mashina kadhaa yalidanganya: juu pazuri, chini vitatu vinne vyenye nyufa. Hayo yameingia kwenye kikapu cha jikoni pamoja na yasiyo na vijiti. Huu ni uchaguzi wa pili na nauona muhimu sawa na ule wa maua.

Mbegu hazikuoshwa. Zimekauka kivulini, zimeingia kwenye trei, na juu yake majani makavu ya lantana kuzuia nondo wa viazi. Zitalala hadi Februari, Machi zitakuwa tayari kwa mvua za mwisho.

Jirani amekuja na mkewe na ndoo. Nimewapa mbegu za kutosha mistari miwili, si zaidi, na wameahidi kuchonga vijiti vyao wenyewe. Mistari miwili inayotazamwa shina kwa shina inazalisha mbegu ya shamba la misimu inayofuata. Gunia la kuokota kwenye lundo linazalisha hasara tu. Huo ndio uamuzi wangu juu ya msimu huu.

Wanangu, mtakaobaki na daftari hili: bustani ya nyuma ya jiko ipandwe kabla Septemba haijaingia, penye jiwe pasipandwe kiazi wala nyanya, na vijiti vichomekwe maua yanapofunguka.